Siku Niliyosema Shiru Amepona

Nyinyi mnaoingia sasa kwenye vyumba vya picha hamnijui, na mimi siwajui. Lakini kama mliwahi kupita ghorofa ya chini ya hospitali yetu kabla sijastaafu, labda mliniona: mama mfupi wa aproni ya samawati, mkono mmoja una njuga, mwingine unachovya chupa ya jeli kwenye bakuli la maji moto. Jina langu Nduku. Watoto waliniita Anti. Sikuwa daktari, na sikuwa mpiga picha. Nilisoma mpaka darasa la saba, na kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa moja: mtoto atulie, ndipo wenye masomo wapate picha ya moyo wake.

Nina daftari. Ninayo mengi kwa kweli, yako chini ya kitanda hapa Woodley. Nimeandika mambo ya kazi tangu mwezi wa kwanza nilipoajiriwa. Msiyaamini sana. Nikisoma ya zamani naona mahali nimejipendelea, na mahali nimemwonea mtu. Haya ninayowaandikia nimejaribu kuyapima pande zote, lakini anayepima ni mimi mwenyewe, na hapo ndipo shida ilipo.

Watoto wetu wengi walikuwa wameshapasuliwa. Walizaliwa na tundu kwenye moyo, au njia ya damu iliyobana, midomo inageuka rangi kama mtu amekula zambarau. Wanapasuliwa, wanashonwa, midomo inakuwa ya kawaida, na watu wanafikiri kazi imeisha. Yetu ndiyo ilikuwa inaanza. Picha baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi sita, halafu kila mwaka mpaka mtoto awe mtu mzima na kuendelea.

Kwanza pasheni jeli. Najua mmeambiwa, na najua hamfanyi. Jeli baridi ikigusa kifua chenye kovu bichi, mtoto anakumbuka kila alichofanyiwa na watu wenye glavu, na hapo mmempoteza, hata wimbo wa njuga haumrudishi. Na msimwambie "haitauma." Mpaka hapo hakuwa amefikiria kuuma.

Kwenye eksirei, msiogope mtoto anayelia. Kati ya kilio na kilio lazima avute pumzi, na anavuta ndefu kuliko yule aliyetulia. Hapo ndipo mpige. Ukipiga wakati analia, mapafu yake yako matupu, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na daktari anakosa raha bure. Mimi nilifundishwa kutazama tumbo. Mdomo wa mtoto unadanganya, tumbo haliwezi. Na kabla ya salamu, angalieni nywele. Shanga za nywele zikining'inia mabegani zinatokea kwenye picha kama madoa ya mapafu. Tuliwahi kumrudisha msichana mara tatu kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa umesukwa na dada yake.

Aliyenifundisha haya ni Bwana Kilonzo, mpiga picha mkuu, Mkamba mwenzangu, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi sikio moja. Alikuwa na maneno makali na mikono mipole sana. Siku moja nyanya wa mtoto mmoja, mama mzee kutoka Kitui, aliona filamu ya mjukuu wake imeanikwa kwenye kioo cha taa. Baada ya kupasua, mfupa wa kifua hufungwa kwa vipande vya waya, na kwenye picha vinang'aa vyeupe, kimoja juu ya kingine. Yule nyanya alisogea karibu na kioo.

"Kilonzo," akasema, "mtoto wangu mmemshona na seng'enge?"

"Ndiyo, susu. Uzi ulituishia."

"Hee. Basi ng'ombe hawataingia."

Kilonzo alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akavuta kiti, akamweleza waya moja moja, kwa Kikamba, kwa nini zipo na kwa nini hazitolewi, na foleni nje ikangoja. Niliandika siku hiyo kwamba anapoteza muda. Nilikuwa mjinga.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya mbele yake. Wakati huo filamu zilikuwa zinaoshwa kwa dawa kwenye chumba cha giza, zinakauka, halafu mimi nazianika kwenye kioo kabla madaktari hawajaja. Asubuhi moja nikaona moyo uko upande wa kulia. Nikajua mtu ameipachika kinyume. Nikaigeuza, moyo ukakaa kushoto kama mioyo yote, nikaendelea kufagia. Daktari akaja, akatazama, akaanza kusema mambo ambayo hayakufanana na mtoto aliyekuwa mbele yake. Kilonzo akasogea, akaona ile herufi ya pembeni, ya kuonyesha upande, inasomeka kinyumenyume.

"Nani amehamisha moyo wa huyu mtoto?"

Nikainua mkono.

"Mungu ameuweka kulia, Nduku, wewe umeurudisha kushoto. Umemshinda."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliniita kwenye korido akaniambia polepole: "Kazi yako si kusema picha inasema nini. Kazi yako ni mtoto atulie. Hiyo si kazi ndogo. Lakini ukianza kuisemea picha, siku moja utaisemea vibaya, na hakutakuwa na filamu ya kugeuza."

Maneno hayo yako kwenye daftari la pili. Niliyapigia mstari. Nayaandika hapa ili msiseme Anti Nduku hakuambiwa.

Sasa Shiru.

Mama yake alikuwa mpishi kwenye nyumba moja kule Kitisuru. Mtu msafi, mwepesi wa kucheka, kadi ya kliniki ya mtoto ameifunika kwa karatasi ya nailoni isilowe. Shiru alipasuliwa akiwa na miaka mitatu. Tundu likazibwa kwa kiraka, na njia ya damu ya kwenda mapafuni, iliyokuwa nyembamba kama mrija wa soda, ikapanuliwa. Alikuja kwa kila picha mwaka ule wa kwanza. Akilala kwa ubavu wa kushoto kwenye kitanda cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, alishika kidole gumba changu, hakukiachia mpaka taa iwashwe. Aliniuliza kwa nini moyo wake una rangi kwenye skrini. Nikamwambia nyekundu na buluu ni damu inatembea. Akasema, "Yangu iko na haraka."

Picha ya mwaka ilikuwa nzuri. Nilikuwa ninapangusa jeli daktari alipomwambia mama yake, na nataka kumtendea haki huyo daktari, kwa sababu baadaye watu walimlaumu. Alisema kwa Kiswahili, bila haraka: "Imekaa vizuri, mama. Ile vali, mlango wa njia tuliyoipanua, inavuja, damu kidogo inarudi nyuma. Hilo tulilitarajia. Kiraka hakikui lakini mtoto anakua, kwa hivyo kila mwaka mrudi tutazame. Hata akiwa anakimbia kushinda wenzake, mrudi." Akaandika kwenye kadi. Mama Shiru anajua kusoma. Alisoma mbele yangu, akaikunja ndani ya nailoni.

Wiki mbili baadaye akanialika kwenye shukrani.

Wale wa kanisa mnajua. Mtu akitoka hospitali salama, familia inatoa ibada ya shukrani, watu wanavaa vizuri, wanapika mukimo na nyama, na wale waliosaidia wanaitwa mbele kutambuliwa. Hilo ni jambo zuri, silisemi vibaya. Watu wale walikuwa wamefunga na kuomba kwa ajili ya mtoto huyo miezi na miezi. Walistahili furaha yao.

Kanisa lilikuwa la mabati, nyuma ya Loresho, limejaa. Mchungaji akasema kuna daktari amekuja kutoka hospitali. Alikuwa ananimaanisha mimi. Nilisimama ili nimsahihishe, kipaza sauti kikawekwa mkononi mwangu, na nyuso zote zile zikanigeukia. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, si nyumbani, si kazini. Shiru alikuwa mstari wa mbele na gauni la manjano, miguu haifiki chini.

Nikasema: "Mimi picha ya moyo wake nimeiona kwa macho yangu mwenyewe. Moyo ni mzima. Shiru amepona kabisa."

Kanisa lilisimama. Wamama walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Mama yake alinikumbatia, akaninong'oneza, "Anti, nilikuwa naogopa kuamini. Sasa nimeamini."

Kwenye daftari siku hiyo nimeandika mistari miwili. "Leo nimeheshimiwa. Nyama ilikuwa laini."

Siku hizo sikuwa na uwongo wowote moyoni. Hilo ndilo linanitesa. Picha ilikuwa nzuri kweli. Lakini nzuri ya mwaka ule si nzuri ya miaka yote, na daktari alikuwa amesema hivyo nikiwa na kitambaa mkononi. Mimi nilichukua nusu ya maneno yake, ile tamu, nikaipeleka kwa watu mia mbili.

Kuna la pili, na hili watu wa kanisa hawalijui. Kila Ijumaa mchana, kazi ikipungua, nilikuwa napitia majina ya watoto waliokosa kliniki, napigia wazazi wao simu. Hakuna aliyeniagiza. Ilikuwa desturi yangu, na naweza kusema bila kujisifu sana kwamba iliwarudisha wengi. Majina nilikuwa nayo kwenye daftari. Mbele ya jina la Shiru, baada ya ile shukrani, niliandika kwa kalamu nyekundu: amepona. Kwa hivyo mwaka uliofuata alipokosa kuja, kidole changu kilipita pale. Mwaka wa tatu kikapita. Kilipita mpaka daftari likajaa, na nilipohamisha majina kwenye daftari jipya, la Shiru sikulihamisha.

Mashine zilibadilika. Chumba cha giza kikawa stoo ya mafagio. Filamu zikaisha, picha zikawa zinaingia kwenye kompyuta, daktari anazipima kwa kubofya. Kilonzo alistaafu, akarudi kwao, akafa kwa sukari. Mimi nilibaki na njuga na bakuli langu. Wakati mwingine nilimfikiria yule mtoto wa gauni la manjano, na nikimfikiria nilifurahi. Nilimhesabu upande wa waliofanikiwa.

Aliporudi alikuwa na miaka kumi na tisa. Sikumjua. Msichana mrefu, nywele amesuka vizuri sana, kucha ndefu za kubandika, akasimama mlangoni.

"Sasa, Anti. Bado uko na zile njuga?"

Nikatazama kifua, kovu likachungulia juu ya blauzi. "Shiru? Niaje, mama?"

"Niko fiti. Ni mathe tu amenisumbua."

Nyuma yake alikuwa Mama Shiru, amezeeka, kadi iko mkononi, bado ndani ya nailoni. Shiru alikuwa anafanya kazi saluni katikati ya mji. Alikuwa anamsuka mteja, akaanguka. "Alilala chini kama nguo," mama yake akasema. "Sekunde tu, halafu akaamka akaomba msamaha kwa mteja."

"Na nikamaliza kichwa," Shiru akasema. "Mistari yote."

Nilimwambia atoe ukucha wa kidole cha kuwekea kibanio cha kupimia hewa ya damu. Akalalamika, akacheka, akautoa. Nikapasha jeli. Akalala kwa ubavu wa kushoto bila kuambiwa, na nikaona mkono wake unatafuta, ukapata kidole gumba changu.

Miaka mingi kando ya skrini, hata mtu wa darasa la saba anajua kitu. Chumba cha moyo cha upande wa kulia hukaa kidogo, kimejikunja kando ya kile cha kushoto. Cha Shiru kilikuwa kimevimba, kimemsukuma mwenzake pembeni. Na kila pigo moja, rangi iliyokuwa imetoka ilirudi, karibu yote. Ile vali iliyokuwa inavuja kidogo, sasa ilikuwa mlango usiokuwepo. Daktari, kijana, si yule wa zamani, alikuwa anapima tena na tena. Mimi nilikuwa nimeshasoma. Safari hii sikusema neno.

Daktari alimweleza Mama Shiru nje. Kwamba vali mpya ingetakiwa kuwekwa kabla chumba hakijatanuka kiasi hicho. Kwamba mtoto hasikii kitu, anacheza, anakua, na picha peke yake ndiyo inayoona. Akauliza, bila ukali, kwa nini hawakurudi miaka yote hiyo.

Mama Shiru akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayetaka kusaidiwa kukumbuka.

"Lakini Anti, si wewe ndiye ulituambia amepona?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

"Eeh," akamwambia daktari. "Ni yeye alituambia. Kanisani."

Baadaye nilimfuata yule daktari. Nilimweleza yote, na ya kalamu nyekundu pia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Anti, kwenye kadi iliandikwa. Na hospitali haikuwafuata, na hiyo ni kazi ya hospitali, si ya daftari lako." Nikamuuliza kama Shiru angekuja mapema ingekuwaje. Alifikiri. "Tungeweka vali mapema. Labda angekuwa sawa. Siwezi kukuapia." Alikuwa mtu wa haki. Labda. Nimelipima hilo neno kila siku tangu hapo, na linaangukia upande mmoja leo, mwingine kesho, na hakuna upande unaonisaidia.

Walimpeleka kwenye mashine kubwa ya sumaku wakakipima kile chumba sawasawa. Wakampa tarehe ya kuwekewa vali. Nilikuwa nampigia kila Ijumaa. "Anti, niko fiti," anasema, halafu ananiambia nani amesukwa nini. Wiki tatu kabla ya tarehe, asubuhi, alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazi. Mama yake alisikia harufu ya kitambaa kinaungua.

Mazishi yalianzia kanisa lilelile, sasa la mawe, mabati yamebaki upande wa watoto. Nilikaa nyuma kabisa. Mama Shiru akamtuma mtu aniite. Nilipofika akanishika kiwiko.

"Uliongea siku ile. Ongea na leo."

"Mama Shiru, sitaweza."

"Utaweza. Walikujua."

Nikasimama. Kipaza sauti kikaja. Nilisema, na hili sikuliandika popote lakini nalikumbuka neno kwa neno: "Miaka kumi na tano iliyopita niliwaambia hapa kwamba mtoto huyu amepona kabisa. Mimi si daktari, na hakuwa amepona. Alikuwa ametengenezwa, na kitu kilichotengenezwa kinataka kutazamwa. Niliwadanganya bila kujua, na mtoto hakurudi."

Kanisa likasema, "Amina."

Walisema kwa mazoea, kwa sababu mtu akinyamaza kwenye kipaza sauti ndivyo wanavyosema. Nilikaa chini. Mama Shiru aliniwekea mkono gotini, akauacha hapo mpaka mwisho wa ibada. Siwezi kuwaambia mkono ule ulimaanisha nini. Nimeogopa kumuuliza.

Tukitoka, langoni, mwanamke mmoja alinifuata. Kijana bado, amebeba mwavuli. Kando yake msichana wa miaka sita hivi.

"Anti, samahani. Huyu wangu pia alipasuliwa. Lakini yeye ni mzima sana, anaruka kamba siku nzima. Na yeye nimrudishe?"

"Lini alipigwa picha mara ya mwisho?"

"Kitambo. Tulifanya shukrani mwaka juzi."

Nilimwambia amlete Alhamisi asubuhi, aulize Anti wa njuga. Akasema sawa. Umati ukatusukuma kuelekea magari, na mwavuli wake ukapotea kati ya mingine. Ndipo nikajipapasa. Tangu Shiru aanguke kando ya pasi nilikuwa nimeacha kubeba daftari. Sikutaka kuona mwandiko wangu. Sikuwa na kalamu. Sikumuuliza jina.

Alhamisi nilifika mapema kuliko wafagiaji. Nilipasha jeli mara nne, maji yakapoa mara nne. Alhamisi iliyofuata pia. Mwezi uliofuata nikastaafu, wakanikatia keki, nikazunguka nayo nikitazama mlango. Nimerudi kanisani pale mara tatu nikauliza. Wananiambia labda alikuwa mgeni wa marehemu, labda wa saluni. Labda amempeleka hospitali nyingine. Inawezekana kabisa, na sitaki kumwonea mama huyo. Lakini mimi niliwahi kuamini jambo jema kwa sababu nililipenda, na sitaki kuliamini tena.

Kwa hivyo ndiyo sababu nimeandika, si kwa ajili ya njuga. Mko kwenye vyumba vingi sasa, hapa mjini na nje. Msichana huyo sasa atakuwa na miaka minane. Kovu lake limepinda kidogo karibu na shingo, kama mtu aliyekuwa anachora mstari akasukumwa. Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, lakini yatakuwa yameota. Akija, pasheni jeli kwanza. Kuhusu picha mwachieni daktari aseme, nyinyi msimwambie mama yake kitu. Muulizeni jina tu, na mliandike.